Mtu Aliyefuta Foleni

Eilif Brekkhus alifanya kazi ambayo mama yake alifariki bila kuielewa. Majirani wa kijijini walipomuuliza mama huyo mwanawe anafanya nini kule mjini Trondheim, alijibu, "Anapunguza." Wakimuuliza anapunguza nini, alisema chochote kile, mpeni tu. Wala hakukosea sana. Chuo kikuu kilimfundisha Eilif kupanga shughuli za watu kwa hesabu: unaandika unachotaka kipungue, unaandika vikwazo vyako, halafu kompyuta inakutafutia njia. Aliipenda elimu hiyo kama wenzake walivyopenda kuvua samaki, ila yeye hakurudi mikono mitupu hata siku moja.

Alianza na mpira wa mikono. Ligi ya wanawake ya mkoa ilikuwa na timu zilizotawanyika visiwani na milimani, na wasichana walikaa zaidi ndani ya basi na vivuko kuliko walivyokaa uwanjani. Eilif akatunga ratiba mpya, safari zikapungua karibu nusu. Timu mbili za visiwani zikajikuta zinakutana zenyewe kwa zenyewe kila mara, hadi zikachukiana na zinachukiana mpaka leo, lakini chuki haikuwa miongoni mwa vitu alivyoombwa avipunguze. Baadaye akaajiriwa na wauza samaki, akayapanga malori yao yasirudi matupu kutoka kusini. Yakarudi na magodoro, vigae na maua ya Uholanzi. Dereva mmoja alilalamika kwamba maua yananuka samaki, akajibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa.

Mwisho manispaa ikamchukua apange magari ya wagonjwa, na wahudumu wanaowatembelea wazee majumbani. Magari ya wagonjwa yalianza kufika mapema zaidi, na wapo watu wanaopumua leo kwa sababu hiyo. Sitamnyima mtu haki yake. Wahudumu nao wakawa wanaingia kwa bibi, wanampa dawa na kutoka kabla maji ya kahawa hayajachemka. Mabibi wa mji wetu wakajifunza kunywa kahawa peke yao. Siku Eilif alipostaafu, mkuu wake alitoa hotuba ya sentensi mbili na kusema ameifupisha kwa heshima yake.

Hakuoa. Aliishi ghorofa ya tatu, katika jengo la ushirika wa wakazi lenye uzio mweupe, na kama majengo yote ya kwetu, humo jirani ni mtu unayemheshimu kwa kutokutana naye. Kabla hujatoka unachungulia kwenye tundu la mlango. Ukisikia viatu ngazini, unangoja vipite. Hakuna chuki hapo, ni adabu tu. Mtu akikusimamisha ngazini mwezi wa Januari kukuuliza habari za nyumbani, utadhani jengo linaungua.

Msaragambo, ile kazi ya pamoja, ndio uliokuwa ruhusa ya kuongea. Mara moja kwa mwaka, theluji ikishayeyuka, wakazi wote hutoka kufagia kokoto zilizomwagwa njiani wakati wa barafu ili watu wasiteleze, kupaka rangi uzio na kusafisha makabati ya stoo iliyo chini ya ardhi. Siku hiyo ulimi unafunguliwa. Watu waliopishana mwaka mzima kama vivuli wanaulizana habari za watoto, wanakula soseji iliyozungushiwa mkate wa viazi, na wanasengenya bodi ya ushirika ilhali bodi yenyewe imesimama hapo hapo inageuza soseji.

Tatizo lilikuwa toroli. Jengo lote lilikuwa na toroli moja, na kila mwaka watu walipanga foleni na kokoto zao wakiingoja. Na kila mwaka, kwa namna ambayo hesabu haikuhusika nayo kabisa, Eilif alijikuta nyuma ya Åshild Nymo wa ghorofa ya kwanza, mjane aliyekuwa mpishi wa kivuko na bado aliongea kama mtu anayeshindana na injini.

"Naona leo huhesabu kitu," Åshild alimwambia mwaka mmoja.

"Nasubiri toroli."

"Na toroli inamsubiri nani?"

"Vegard wa bodi. Ameisimamisha getini, anaongea."

"Basi jirani, tukae chini. Hapa tutazeeka."

Åshild alichechemea goti la kushoto, na foleni ilipokwenda yeye alikwenda polepole, na Eilif nyuma yake akaenda polepole zaidi. Alimpenda. Tuseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisema. Kuanzia Novemba, giza lilipoingia mchana na watu wakaanza kumeza mafuta ya samaki badala ya jua, alikuwa akiufikiria msaragambo wa masika na kutunga maneno atakayosema. Kila mwaka maneno yalibaki mdomoni, akajiambia mwaka ujao upo.

Basi Vegard Hopen, mwenyekiti wa ushirika, mtu wa makamo aliyekuwa na haraka hata akiwa likizo, akapanda ghorofa ya tatu na kubisha hodi.

"Eilif bwana, wewe si ndiye uliyepanga magari ya wagonjwa? Na sisi tunashindwa na toroli. Watu wamesimama nusu ya siku wanapiga soga. Hebu tupangie."

Tangu astaafu hakuna aliyewahi kumuuliza Eilif kitu chochote. Alikubali kabla Vegard hajamaliza kuvua viatu. Usiku na mchana haikumjia hata mara moja kwamba angeweza kupanga vibaya kidogo. Mtu wa kwetu akipewa kazi ya umma haibi hata dakika kwa ajili ya moyo wake mwenyewe, na huyu alikuwa wa kwetu hadi kwenye mifupa. Alikusanya habari za kila mkazi, nani yuko huru lini, nani mgongo wake unauma, nani anaogopa ngazi. Akaandika kinachotakiwa kipungue: kusubiri. Kompyuta ikatoa mpango uliogawa kazi kwa wiki nzima, kila mtu na saa yake, kila kifaa na mtu wake. Watu wawili hawakuhitaji reki moja kwa wakati mmoja, wala kuonana.

Zawadi moja tu alijiruhusu kutoa. Åshild, kwa ajili ya goti lake, alimpa makabati ya chini, ndani, penye joto, hakuna cha kubeba. Yeye mwenyewe alijitwika kokoto za getini, kazi nzito kuliko zote. Aliliona hilo kuwa jambo la upendo, na akalala usingizi mtamu.

Haukuwahi kutokea msaragambo mzuri kama ule. Uzio ulimeta, kokoto ziliisha, na soseji Vegard alizining'iniza kwenye vitasa vya milango ndani ya mifuko ya karatasi. Majirani walishukuru kwa ujumbe wa simu. Eilif alisimama getini na toroli yote yake peke yake, inang'aa, na kila baada ya koleo kadhaa akainua macho kumtafuta Åshild mbele yake. Hakukuwa na mtu. Alijaza, akasukuma, akamwaga, akarudi. Katikati ya kazi alielewa alichofanya, akakaa juu ya rundo la kokoto kwa muda ambao mpango haukuuweka.

Åshild hakusema naye tena. Walipokutana kwenye mapipa ya taka aliinamisha kichwa tu, kama unavyomsalimu askari wa barabarani, akaondoka. Kiangazi kikapita, giza likaja. Halafu ikatoka ajenda ya mkutano mkuu, na humo bodi ilipendekeza mpango wa Eilif uwe wa kudumu. Ukipita huo, hakutakuwa na foleni ya masika tena. Eilif aliandika hoja ya kuupinga mpango wake mwenyewe, akaiwasilisha kwa bodi.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, kahawa ikiwa mezani.

"Eilif, hoja yako inasema mpango una kosa," alisema Vegard. "Kosa gani? Kazi iliisha, na hakuna aliyelalamika."

"Hesabu ni sahihi. Nilichokiandika ndicho kosa. Nilihesabu kusubiri kama hasara."

"Sasa kusubiri ni nini kama si hasara?"

"Kwangu haikuwa."

"Yaani mzee unataka turudi kusimama kwenye baridi tukigombea toroli?" aliuliza mtu wa nyuma.

"Ndiyo."

"Kwa faida ipi? Lazima tuandike sababu," Vegard alisema, kalamu mkononi.

Eilif alitazama kahawa yake. Maneno yote aliyoyatunga kila Novemba yalimtoka kichwani kwa pamoja, likabaki moja.

"Ili nisimame na Åshild."

Ukumbi mzima ukaanza kukagua viatu vyake. Vegard hakujua aandike nini, akaandika tarehe. Aliyesimama alikuwa Åshild.

"Unasimama na mimi? Mimi uliyenizika?" Sauti yake haikuwa ya kivuko. "Miaka yote naungoja ule mstari. Halafu mtu mwenyewe anakaa na kompyuta yake, anatafuta shimo la mbali kuliko yote katika jengo hili, ananiweka humo, kwa saa ambayo yeye hayupo. Ningesema bahati mbaya. Lakini wewe hukosei, Eilif. Nikajua nimepigiwa hesabu nikaondolewa. Nililia mle chini, kama unataka kujua, na makabati nikayasafisha."

"Ilikuwa kwa ajili ya goti lako."

"Goti gani?"

"La kushoto. Unachechemea."

"Goti langu halina kitu, Eilif. Nilikuwa nachechemea ili foleni isiende haraka."

Vegard alikohoa, akaomba kura. Waliounga mkono hoja ya Eilif walikuwa wawili. Wengine wote, kwa adabu na bila kinyongo, waliinua mikono yao kuutetea mpango, maana kwa kweli ulikuwa mzuri sana.

"Hoja imeanguka," alisema Vegard. "Tunaendelea na suala la baiskeli zinazoachwa ngazini."

Eilif aliinuka. Alivipita viti vitupu ambavyo watu wa kwetu huachiana mikutanoni, akaketi kwenye kile kilichogusana na cha Åshild. Mwenyekiti akaweka kalamu chini, akingoja.

"Endelea na baiskeli zako," Åshild alimwambia. "Na usiharakishe."