Msitu wa Ndugu wa Tumbo Moja

Jua halijakausha umande na Valdirene Quirino, mwenye miaka 49, yuko mita kumi na mbili juu ya mti wa inga, kamba kiunoni, akichuma maganda yenye mbegu. Chini, mwenzake Neusa ameshika kamba.

"Umenona, dada! Nikuachie?"

"Niachie uone! Nitakuangukia wewe, tuzikwe pamoja."

Akishuka anaandika namba ya mti juu ya mfuko. Mfuko wa mti mmoja hauchanganywi na wa mwingine. Zamani alilipwa reais arobaini, fedha ya hapa, kwa mfuko, na mti mmoja humlia asubuhi nzima.

Miaka sita iliyopita alikabidhi mifuko 28, kutoka miti 28. Kampuni ya upandaji ilikuwa inaunganisha vipande viwili vya msitu hapa Pontal, kwa ukanda wa miti wa kilomita tatu, ili kima wavuke. Inga hukua haraka, na maganda yake matamu yangekuwa chakula chao njiani.

Msimamizi, Adauto, aliiacha mifuko juani wiki nzima. Mbegu ya inga ikikauka imekufa. Badala ya kusema, akatuma watu na upondo wakaangushe maganda ya mti mmoja tu, nyuma ya kituo cha mafuta. Miche elfu kumi na moja ikapandwa, ikahesabiwa, ikapigwa picha.

Huo ni ulaghai. Sina jina lingine.

Ukanda unachanua, hauzai. Kima hufika ukingoni, hurudi. Katika kipande kidogo wamebaki kumi na wanne, na kinyesi chao kilipopimwa maabara, baba alikutwa amezaa na binti yake.

Lawama Adauto akamtupia nani? Valdirene.

"Mbele ya watu!" anasema. "Eti mvivu, nilichuma mti mmoja. Mimi, niliyevunjika mbavu kwa mti wa kumi na saba!"

Mwaka jana mtafiti alipima majani ya ukanda. Yote mama mmoja, na inga haishiki mimba ya ndugu yake. Valdirene akampeleka kwenye miti yake yote 28. Hakuna uliolingana. Jani la mti wa kituo cha mafuta likalingana.

Adauto hakuona haya. "Mbegu ni mbegu, mama. Mti utajuaje ukoo wake?"

"Mti unaujua. Usiyejua ni wewe."

Hakuna aliyemwomba Valdirene radhi. Adauto bado msimamizi, na kampuni inataka mbegu tena.

Haipati. Valdirene na wanawake kumi na mmoja wameotesha za kwao kwenye maranda yenye unyevu, siku ileile ya kuchuma, kila mti na kitalu chake. Mvua za Novemba zikianza wataingia wenyewe ukandani na mapanga, wapande katikati ya miti tasa, ili ipate chavua ya ukoo mwingine.

"Adauto akija na lori lake atatukuta tumemaliza," anasema. "Kuhesabu anajua. Ahesabu."