Kiti cha Askofu Katika Nyumba ya Kukodisha

Sifa na shukrani zimwendee Mungu wetu aliyeniamsha leo nikiwa na pumzi, akaninyeshea mvua shambani sawa na majirani zangu bila kuuliza nani anastahili, na akanipa mdomo wa kusimulia aibu yangu mwenyewe. Maana aibu yenyewe imeshasimuliwa, wapendwa. Imefika hadi mji wa Turbo, tena imeongezwa chumvi (huko wanasema nililia mbele ya kanisa, sikulia, lilikuwa jasho), kwa hiyo nimeona heri niieleze jinsi ilivyokuwa, mcheke mkishiba, kisha tuendelee na maisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa hapa Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, na kwa miaka mingi mimi ndiye niliyeshika funguo za stoo ya kanisa. Wengine hujivunia ng'ombe, wengine hujivunia watoto walio ng'ambo. Mimi nilijivunia zile funguo. Hakuna sufuria iliyowahi kupotea mikononi mwangu, hata kijiko. Mchungaji wetu alipenda kusema mbele ya watu, "Kitu kikiwa kwa Mzee Rotich, kiko salama," nami huwa naangalia chini kwa unyenyekevu, lakini masikio yamesimama.

Sasa, mimi na mke wangu, Mama Jeptoo, Mungu alitusaidia tukajenga nyumba ndogo ya vyumba viwili ya kukodisha. Mama Jeptoo alitaka tumpe nesi au mwalimu akae humo mwaka mzima, tusisumbuke. Lakini binti yetu Jeptoo, anayefanya kazi Nairobi, akanipigia simu akaniambia, "Baba, hiyo ni ya zamani. Siku hizi nyumba inawekwa kwa mtandao, mgeni anaona picha, anabonyeza, anakuja kulala siku tatu anaenda. Wewe piga tu picha safi, na useme ukweli." Nikapenda hilo jambo sana. La picha nililishika mara moja. Lile la ukweli nililisikia pia, siwezi kusema sikulisikia.

Basi nikaenda na simu yangu nikapiga picha sebuleni. Kochi lilikuwepo, meza ilikuwepo, vitambaa vya kufuma vya Mama Jeptoo vilikuwepo kila mahali, lakini kona moja ilikuwa tupu kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikaitazama ile kona, nikazunguka, nikapiga tena, bado ni tupu. Hapo ndipo wazo likaniingia: kiti cha askofu.

Hiki kiti lazima niwaeleze. Kilinunuliwa na kikundi cha akina mama wa kanisa, baada ya kuuza chapati na kabeji msimu mzima. Kina mgongo mrefu, velveti nyekundu, misumari inayong'aa pembeni, na juu kabisa kimechongwa msalaba. Hakuna anayekikalia ila askofu, na askofu huja kwetu mara moja kwa mwaka, akijaliwa. Siku nyingine zote kinakaa stoo kimefunikwa shuka. Nikajiambia, kiti chenyewe kimelala tu, kikitoka saa moja kikarudi kitapungukiwa na nini?

Nikakibeba kwa wilibaro, na shuka yake juu. Jirani mmoja akaniita kutoka kwa ua wake, "Mzee, hiyo ni mgonjwa unapeleka hospitali?" Nikacheka tu, nikaongeza mwendo. Nikakiweka kwenye ile kona, sebule ikabadilika ikawa kama ikulu. Tatizo likabaki ule msalaba, kwa sababu mtu akiuona atauliza. Nikachukua kitambaa kimoja cha kufuma nikaufunika (hapo ndipo nilipopaswa kuisikia sauti ya Bwana, lakini nilikuwa nikitafuta mwanga mzuri). Nikapiga picha, nikarudisha kiti stoo, nikafunga, nikatia funguo mfukoni na dhamiri yangu ikiwa imetulia kabisa.

Baada ya siku mbili simu ikalia. Mgeni wa kwanza! Alikuwa Mwalimu Akinyi wa Kisumu, ambaye binti yake alikuwa anafuzu chuo kikuu hapa Eldoret, na alitaka nyumba kutoka Alhamisi hadi Jumatatu kwa ajili ya jamaa zake. Kisha akaandika, "Mzee, kile kiti chekundu kipo? Kusema kweli ndicho kimenifanya nichague kwako. Nataka Achieng apigwe picha akiwa amekikalia na gauni lake."

Wapendwa, hapo palitosha neno moja la kweli. Mimi nikaandika, "Kipo." Nikaweka na kile kikatuni cha mikono inayoomba.

Alhamisi kiti kikapanda wilibaro tena, na msalaba ukafunikwa kitambaa kilekile. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu askofu alitarajiwa Jumapili ya wiki iliyofuata, na wageni wangeondoka Jumatatu. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wazee wa kanisa, lakini asubuhi hiyo Mwalimu Akinyi alinipigia kwamba shawa inatoa maji baridi, nami nikakimbia na fundi nikasahau mkutano. Huko mkutanoni ikatangazwa kwamba askofu amebadilisha ratiba, anakuja kesho. Wakaandika pia kwenye grupu la wazee kwenye simu, ila hilo grupu nilikuwa nimelizima sauti ili nisikose ujumbe wa wageni.

Jumapili saa mbili nikaingia uwanja wa kanisa, suti imepigwa pasi, nikakuta akina mama wamevaa sare, wanatandika leso njiani.

"Kwani kuna harusi?" nikauliza.

Mama Jeptoo, ambaye alikuwa ametangulia na wenzake, akanitazama. "Harusi ya nani, Baba Jeptoo? Askofu anaingia saa nne! Fungua stoo tutoe kiti tukipanguse."

Nikatia mkono mfukoni, nikazishika funguo zisilie. "Nyinyi endeleeni na leso," nikasema, "hicho kiti nitakileta mwenyewe."

"Utakileta kutoka wapi, na kiko hapo?"

Nilikuwa tayari nyuma ya bodaboda, tai inapepea begani.

Kule nyumbani nikakuta furaha tupu. Achieng alikuwa amekalia kiti na gauni jeusi, kofia ya mraba kichwani, mashada ya karatasi za kumeremeta shingoni, na mashada mengine yamefungwa kwenye kiti chenyewe kuanzia mguu hadi kitambaa cha juu, mafundo hata baharia hawezi kuyafungua. Nyanya yake alikuwa pembeni, mjomba wake anapiga picha.

"Karibu, Mzee! Njoo pia wewe uingie picha!" Mwalimu Akinyi akaniita.

"Asante, mwalimu wangu. Nilikuwa naomba kiti kidogo."

"Keti kwa kochi."

"Si kukaa. Naomba kukipeleka mahali."

"Kiti kinaenda wapi Jumapili asubuhi?"

"Kanisani."

"Kumbe kimeokoka!" mjomba akasema, wakaangua kicheko nyumba nzima. Na mimi, badala ya kusema ukweli hapo hapo kwenye kicheko, nikasema, Mungu anirehemu, "Tuna mgeni mkubwa, na kanisa linaomba kuazima hiki chenu."

Nyanya akasimama na mkongojo wake. Akasema kanisa likiomba kitu halinyimwi, na kwamba watu wa adabu hawatumi kiti peke yake kama mzigo wa viazi. Wataenda wote. Nikajaribu kusema barabara ina matope. Akasema kwao matope wanayajua. Mjomba akarudisha pikapu nyuma hadi mlangoni, kiti kikapandishwa, na kwa kuwa hapakuwa na kamba, Achieng akaambiwa akikalie ili kisianguke. Mimi nikapanda nyuma pamoja naye, nikakishika mguu.

Tukaenda mwendo wa kobe kwa sababu ya mashimo, na Achieng juu ya velveti akiwapungia watu mkono. Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo jeupe linapiga honi, likitaka kupita. Mjomba akakataa kusogea. "Haraka ya nini Jumapili?" akasema.

Sasa jiwekeni mahali pa kanisa langu. Wamesimama mistari miwili tangu saa tatu na nusu, ngoma ziko tayari, wanatazama kona ya barabara, mara wanaona pikapu yenye mapambo, na juu yake kiti cha askofu, na juu ya kiti mtu mwenye joho refu na kofia. Nani angengoja kuuliza? Vigelegele vikapaa. Kwaya ikaanza kuimba. Akina mama wakacheza kurudi nyuma juu ya zile leso, na mchungaji, mtu mfupi anayeona mbali kwa shida, akaja mbio ameinama, akanyoosha shada la maua, akasema, "Karibu, Baba Askofu!"

Achieng akayapokea. (Msichana wa watu amekuwa akipewa maua tangu Ijumaa, angejuaje hili lilikuwa la mwingine?) "Asante sana, Pasta," akasema kwa sauti yake nyororo.

Mchungaji akainua uso. Ngoma zikasimama, moja baada ya nyingine. Mama Jeptoo akamtazama Achieng, akanitazama mimi nilivyokumbatia mguu wa kiti, akashika kiuno. Na kutoka nyuma ya pikapu, kwenye lile gari dogo jeupe tulilolizuia njia nzima, akashuka askofu mwenyewe, akaruka dimbwi la kwanza, la pili likampata.

Mngedhani hapo yameisha. Kiti kikaingizwa mbele na mashada yake yote, askofu akaketi katikati ya karatasi za kumeremeta kama keki, ibada ikaanza, na hakuna aliyeniuliza kitu kwa sababu ya heshima. Nikaanza kutumaini. Nikaomba kimoyomoyo siku ipite hivyo. Lakini kanisani kwetu, kama makanisa yote ya huku, wageni lazima wasimame wajitambulishe.

Mwalimu Akinyi akasimama. "Bwana asifiwe! Mimi na jamaa yangu tunakaa kwa nyumba ya Mzee Rotich, tuliipata kwa mtandao. Nyumba nzuri. Na tumefurahi sana kwamba kanisa liliona kiti cha hiyo nyumba kinafaa, mkatuma Mzee aje akiazime. Mkikihitaji tena, sisi tuko mpaka kesho."

Nyanya akaongeza akiwa amekaa, "Mkitunze tu!"

Kikundi kizima cha akina mama kiligeuza shingo kwa pamoja. Kutoka nyuma sauti ya Mama Njeri, mwenye duka hapo stendi na mmoja wa waliokinunua kiti, ikasema wazi wazi, "Woi! Kabeji zangu!"

Ningeweza kuketi. Hakuna aliyenitaja kwa kosa. Lakini nilimwona mchungaji akifungua mdomo, nikajua anataka kunitetea, anataka kusema lile neno lake kwamba kitu kikiwa kwangu kiko salama, na nikaona akilisema leo, mbele ya askofu, litaniua kabisa. Nikasimama kabla yake. Nikatembea hadi mbele, nikasema, "Baba Askofu, naomba uinuke kidogo."

Akainuka. Nikang'ang'ana na mashada, nikavuta, yakakatika, nikakitoa kile kitambaa, msalaba ukaonekana. Nikasema yote: wilibaro, kona tupu, lile jibu la "Kipo", na jinsi nilivyowaambia wageni kwamba kanisa linaazima kilicho chake lenyewe. Nikawageukia akina mama nikawaomba msamaha, kisha Mwalimu Akinyi, ambaye alikuwa ameficha uso kwa mikono na mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Kwa hivyo picha zote," akasema alipopata pumzi, "mtoto wangu amekalia kiti cha askofu?"

"Basi hiyo digrii imebarikiwa," nyanya akasema, na kanisa likapasuka. Hata askofu alicheka hadi akaketi bila kutazama, na karatasi za kumeremeta zikamshika masikio.

Alipomaliza kucheka aliniombea, akaniwekea mkono kichwani. Kisha akasema kwa upole kwamba kusamehewa nimesamehewa, ila funguo wazee watazijadili. Wakazijadili Jumanne. Ilichukua dakika tano, nami mwenyewe niliunga mkono. Funguo za stoo ziko kwa Mama Jeptoo. Tunalala nyumba moja, tunakula sahani zinazofanana, lakini juzi nilipotaka kuazima ngazi ya kanisa nizibe bati linalovuja, aliendelea kuchambua mboga akaniambia, "Andika barua, Baba Jeptoo. Uipitishe kwa mchungaji." Nikaandika. Sijajibiwa.

Mwalimu Akinyi naye aliandika maoni yake kwenye mtandao, kila mtu anaweza kuyasoma: "Nyumba ni safi, maji ni ya moto, mwenyewe ni mkarimu. Kiti hakipo." Nimepiga picha upya. Kona iko tupu, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu kwamba kona ni tupu. Wageni wanakuja vilevile, Mungu ni mwema, na mimi nimeweka nadhiri kwamba hadi siku nitakayozikwa sitapiga picha ya kitu ambacho siwezi kumwambia mtu aliyekinunua, "Nimekichukua."

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki kutoka na kuingia kwako. Akupe mlango unaofunguka kwa wageni wema, kicheko hata siku unapokosea, na watu wa kukusamehe kabla jua halijazama. Amina.