Mtungi Uliogeuziwa Ukutani

Kikosini walimwita Bwana Usiwashe, mtaani hivyo hivyo, na nyumbani pia, mkewe akikasirika. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa msimamizi wa kitengo cha kinga katika kikosi cha zimamoto cha mji, kitengo chenye meza moja, kabati lisilofunga, na yeye. Alizunguka masokoni, shuleni na kwenye karakana akiwakataza watu mambo ambayo walikuwa wakiyafanya wakati huohuo anapowakataza.

Hakuanzia hapo. Ujanani alikuwa mshika mpira, mmoja wa wale wanaoingia mbele na maji, na watoto walikimbia nyuma ya gari lake wakishangilia. Kisha mgongo ukamsaliti. Wakubwa, ambao hawakutaka kumfukuza wala kumpa kazi ya maana, wakampeleka kwenye kinga. Huko akagundua jambo ambalo hakuna aliyemwonya: moto uliozimwa una mashahidi, moto uliozuiwa hauna hata mmoja. Hajawahi kutokea mtu wa kumsimamisha njiani amwambie, "Ahsante bwana, jana nyumba yangu haikuungua."

Mtu akikosa makofi muda mrefu huanza kuyatafuta. Katika mafunzo yake watu walisinzia kwenye habari ya nyaya zilizochubuka, wakapiga miayo kwenye habari ya mishumaa, wakaamka sehemu moja tu: pale alipowasha moto ndani ya karai, akachomoa pini ya mtungi wa kuzimia moto na kuachia wingu la unga mweupe. Fyaaa! Akina mama walipiga vigelegele, vijana wakapaza sauti, "Rudia, mzee!" Naye akarudia. Alirudia mpaka mtungi ukaanza kukohoa.

Mtungi wenyewe haukuwa wake. Kikosi kilikuwa na mtungi wa mafunzo, lakini ulikuwa mzito na mgongo wake haukutaka habari hizo, kwa hiyo alitumia ule wa wenyeji, uliotundikwa kwao ukutani. Utaratibu ulitaka mtungi uliotumika upelekwe kujazwa mara moja. Fundi wa kujaza, kwa upande wake, hakupenda kuletewa mtungi mmojammoja, "kama mgonjwa wa mafua," alisema. Alitaka iletwe mingi kwa pamoja. Basi Bwana Usiwashe alirudisha pini mahali pake, akautundika mtungi palepale usubiri wenzake. Na kwa kuwa sindano ya kipimo ilikuwa imelala kwenye nyekundu, alama ya mtungi mtupu, na nyekundu huleta maswali, aliugeuza uso wake ukaelekea ukuta. Hata yeye alijua kwamba mtu hageuzi kitu uso kwa ajili ya usafi.

Ndivyo alivyouacha mtungi wa karakana ya washonaji. Mkuu wa karakana hiyo alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, mwanamke aliyecheka kwa nadra na kukata kitambaa mara moja tu. Siku ya mafunzo alikaa mbele kabisa, na ni yeye pekee aliyeuliza maswali.

Moto ulikuja mchana kweupe. Kaa lilichomoka kwenye pasi ya mkaa, likaangukia lundo la vipande vya nguo. Washonaji wengine walikimbilia mlangoni wakipiga mayowe. Shemeji alikimbilia ukutani. Alichomoa pini, akaulenga moto kwenye shina lake, akaminya. Mtungi ulishusha pumzi kama mzee anayekaa kitini, ukanyamaza. Alipotoka nje, nyusi zake zilikuwa zimeungua, na nguo za wateja, pamoja na magauni ya harusi yaliyobakiza vifungo tu, zilikuwa majivu.

Zimamoto walifika wakazima kilichobaki. Mkuu wa kikosi aliuokota mtungi, akaukuta mtupu, akaridhika.

"Umetumika huu," alisema. "Mama wa watu kamwaga unga wote hewani. Hofu hiyo, hakuna kingine."

Kwamba hapakuwa na chembe ya unga popote, juu wala chini, hilo halikumsumbua. Bwana Usiwashe alikuwa kando yake, kofia mkononi. Alifungua mdomo, moshi ukaingia, akakohoa, na alipomaliza kukohoa, wakati wa kusema ulikuwa umepita. Alijiambia atasema jioni. Jioni akajiambia asubuhi. Asubuhi aligundua kwamba neno lililolala huamka zito zaidi.

Mtaa haukulala na lake. Kabla ya wiki kwisha shemeji alikuwa ameshapewa jina, Mama Hewa. "Fundi," muuza vifungo wa ng'ambo ya barabara alimpigia kelele, "shati la vifungo kumi unalifunga, mtungi wa pini moja umekushinda?" Watu walicheka. Bwana Usiwashe, aliyekuwa akipita, aliinama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba.

"Dada hali chakula," mkewe alimwambia, akimmiminia chai. "Amekaa tu anautazama mkono wake. Ati mkono huu umenishonea maisha yote, leo umenifumua."

"Mwambie ni bahati mbaya."

"Mwambie wewe, baba watoto. Wewe ndiye mwalimu wake. Anaona amekuaibisha."

"Mimi?"

"Wewe. Anazunguka mlango kwa mlango kuwaomba radhi wateja. Mama wa bibi harusi mmoja kamfungia mlango usoni. Akirudi huko anauliza, shemeji yangu kanichukia? Mbona haji?"

Bwana Usiwashe aliinywa chai ile ikiwa ya moto kabisa, ili pawe na sababu ya machozi.

Mkuu wa kikosi, ambaye hakupenda janga lipotee bure, aliamua yafanyike mafunzo ya pekee uani pa karakana iliyoungua, mada ikiwa hofu na madhara yake. Msimamizi wa kinga ndiye wa kufundisha. Watu walijaa, maana moto wa jirani ni darasa lisilokosa wanafunzi. Mkuu alikaa kiti cha mbele. Bwana Usiwashe alishika kipaza sauti, akaanza kueleza namna hofu inavyomnyang'anya mtu akili, kwa sauti ya mtu anayeijua mada yake.

Shemeji alisimama.

"Samahani, shemeji. Habari ni yangu, niache niionyeshe mwenyewe. Nitafanya kama nilivyofanya siku ile, hatua kwa hatua. Nikifika mahali nilipokosea, nisimamishe, wenzangu wapate kujifunza."

"Mama Hewa huyo!" mtu akasema nyuma, wakacheka.

Hakugeuka. Alinyoosha mikono kana kwamba anatungua mtungi ukutani. Akachomoa pini isiyokuwepo. Akarudi nyuma kidogo, akalenga chini, akaminya, akapeleka mkono kushoto na kulia taratibu, kama anayepiga pasi. Kicheko kikapungua chenyewe. Ilikuwa kama alivyofundishwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Hujanisimamisha," alisema.

"Hapana."

"Basi nimekosea wapi?"

Mkuu wa kikosi alijikohoza. "Msimamizi, endelea na mada."

Bwana Usiwashe alikishusha kipaza sauti, lakini bado kilikuwa wazi, na kila alichosema kilifika hadi kwa muuza vifungo.

"Hujakosea, shemeji. Mtungi ulikuwa mtupu."

"Mtupu? Si ni huo uliotufundishia?"

"Ndio huo huo. Niliumaliza mimi. Watu walisema rudia, nikarudia."

"Na ile sindano uliyotuambia tuitazame?"

Alitazama viatu vyake. "Niliugeuzia ukutani."

Hakuna aliyecheka. Angalau kicheko kingempa mahali pa kujificha. Mke wake, aliyekuwa katikati ya watu, alivuta mtandio akajifunika uso wote, na hilo lilimchoma kuliko lolote ambalo mkuu wa kikosi angeweza kuandika katika barua ya onyo.

"Ulikuwepo siku ile moto ulipozimwa," shemeji alisema polepole. "Ulikuwepo waliposema ni hofu yangu."

"Nilikuwepo."

"Nimeinama kwenye milango ya watu, nawe unapita njia."

"Nisamehe, shemeji."

"Sijafika huko." Alikunja vizuri kanga yake kiunoni, kama anayeanza kazi. "Milango yote niliyoombea radhi ya uongo utaipitia uombe ya kweli. Huijui, nitakuonyesha. Twende."

"Sasa hivi?" mkuu wa kikosi aliuliza. "Na mafunzo je?"

"Mafunzo ndiyo haya, mkuu."

Waliondoka, shemeji mbele, Bwana Usiwashe nyuma yake. Mlango wa kwanza ulikuwa wa yule mama wa bibi harusi. Alifungua nusu, akamwona mshonaji, akaanza kuufunga tena.

"Sikuja kwa ajili yangu, dada," shemeji alisema, akasogea pembeni. "Huyu hapa ndiye mwenye maneno."

Mlango ukabaki wazi kiasi cha jicho moja. Bwana Usiwashe alivua kofia, akaanza.