Ushuhuda Niliouvalia Skafu

Katika usharika wetu hapa Mbeya, Pasaka haianzii kanisani. Inaanzia makaburini, kabla jua halijachomoza. Matarumbeta hupita mitaani kuamsha watu, nao hutoka wamejifunga makoti na vitenge, wanapanda mpaka yalipo makaburi ya ndugu zao na kusimama hapo wakitetemeka. Kisha mwalimu wa kwaya anaita, "Bwana amefufuka!" na watu wote wanajibu, "Amefufuka kweli kweli!" Inaitwa mara tatu. Kwa miaka kumi na mmoja, mwitaji nilikuwa mimi.

Sisemi kwa majivuno. Au basi, nasema kwa majivuno kidogo: nilikuwa na sauti. Watani wangu walidai ipo siku nitaita mpaka marehemu watoke kabla ya zamu yao. Usharika uliponunua spika nikakataa kipaza sauti, wakasema nina kiburi. Nilikuwa nacho, tena kingi, na sikukiona kuwa ni kosa.

Goita yangu ilianza na kifungo. Jumapili moja joho la kwaya lilikataa kufungika shingoni. Nikalilaumu joho, nikamlaumu na aliyelifua, halafu nikaenda kwenye kioo nikaona. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Mimi ni mzaliwa wa Kilolo, kule Iringa, na utotoni mwangu akina mama wenye rovu shingoni walikuwa wa kawaida kabisa. Mama yangu analo mpaka leo, kubwa kama parachichi.

Kuna jambo kuhusu mama ambalo lilinitia aibu miaka mingi. Kila asubuhi, akiwa anachochea moto jikoni, alisali kwa sauti, na sala yake ilikuwa ya kulalamika. "Bado unaniangalia tu? Haya, angalia." Halafu anapuliza moto, anaendelea. "Jana nilikuomba mvua, umeleta mawe. Leo nakuomba tena, maana sina pengine pa kwenda." Nikiwa darasa la tano nilishaamua kwamba mama yangu hana imani. Nikajiapiza kuwa nikikua imani yangu itanyooka kama nguo iliyopigwa pasi, haitakuwa na swali hata moja.

Basi mwaka ule shingo ilipovimba, alikuja mhubiri mgeni na mkutano wa injili wa wiki nzima uwanjani. Alikuwa anajua kuongea. Mafundisho yake yalikuwa mepesi kushika: kiri kwanza, utaona baadaye. Anayengoja aone ndipo ashukuru, huyo ana mashaka, na mwenye mashaka asitegemee kupata kitu. Nilipanda jukwaani nikawekewa mikono. Nilisikia joto shingoni. Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikashuhudia kwamba nimepona, na nikatoa jogoo wa shukrani. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Ibada ilipoisha jogoo akapigwa mnada pale nje kama ilivyo desturi, akanunuliwa na jirani yangu, mjane mwuza mchele, ambaye pia ni mwanakwaya wangu.

Jumatatu asubuhi nilishika shingo. Goita ilikuwa pale pale. Nikajiambia ni mabaki.

Sijui kwingine, lakini kwetu ushuhuda ukishatolewa umetolewa. Ni kama mahari iliyokwisha kuliwa, huwezi kuirudisha. Ndipo nilipoanza kuvaa skafu. Nilinunua ya kwanza sokoni Mwanjelwa, kwenye duka la Mwislamu mmoja ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu mpole mwenye utani mwingi. Nilipofikisha ya sita akaniuliza, "Mwalimu, unataka kusilimu? Sema tu, tukupokee vizuri."

"Baridi," nikamwambia.

Alinitazama kwenye kioo nikiwa najaribu ile ya zambarau. Nadhani aliona kila kitu, maana kioo chake kilikuwa kikubwa. "Mwalimu," akasema taratibu, "mficha maradhi…"

"Nipe na ile ya kijani," nikamkatiza. Nilijua methali inavyomalizika. Nilitoka pale nina skafu saba kwa jumla na hasira ambayo haikuwa na wa kumwangukia, kwa hiyo nikaimwaga kwa kondakta wa basi.

Ndani yangu mambo yalikuwa mabaya kuliko shingoni. Nilikuwa nasali kama mtu anayesoma risala: maneno yote yapo, mtu mwenyewe hayupo. Nikiwa peke yangu swali lilikuja, nami nililifukuza kama kuku aliyeingia jikoni, linatokea mlango huu linarudi kwa mlango ule. Je, Mungu hakusikia? Au alisikia akakataa? Au hayupo wa kusikia? Niliogopa kwamba nikiliacha hilo la mwisho likae hata dakika moja, kila kitu changu kitabomoka, kuanzia kwaya mpaka ndoa.

Halafu jirani yangu mjane akaja getini kwangu akiwa na furaha.

"Mwalimu, nimekuja kukushukuru. Ushuhuda wako umenifungua. Wiki ya tatu hii sijagusa vidonge vya presha."

Alikuwa amevimeza miaka sita bila kukosa. Nilimwuliza kichwa kinaendeleaje.

"Kinagonga kidogo. Jana damu ilinitoka puani. Nakemea tu kwa jina la Yesu, kama ulivyofanya wewe."

Nilikuwa na skafu ya kijani siku hiyo. Nilikuwa na nafasi ya kuifungua pale pale getini, watu wawili tu, bila aibu kubwa. Badala yake nikasema, "Amina." Nimewahi kutenda dhambi nyingine maishani, zipo, lakini hiyo Amina ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu. Tukasalimiana Kihehe, kamwene, kamwene, akaniuliza wajukuu, akaniuliza mvua. Nikamkatisha.

"Mama, wewe unamwamini Mungu?"

"Ndiyo maswali gani haya, mwanangu?"

"Umemwomba kuhusu hilo rovu miaka arobaini, hajaliondoa. Kila siku ulikuwa unamlalamikia. Nilikuwa nasikia."

"Nisingemwamini, ningemlalamikia nani? Mafiga?" Alicheka, kile kicheko chake cha kukwaruza. "Usiyemwamini humwulizi kitu. Unamwacha, unaenda zako. Mimi sijaenda. Na yeye kila asubuhi nimemkuta."

Nikaanza kulia. Nikamweleza yote, mhubiri, jogoo, skafu, na yule mjane na vidonge vyake. Mama hakunihubiria. Aliuliza swali moja tu: "Huyo mama, ukinyamaza, Pasaka ataiona?"



Kesho yake ilikuwa siku ya jumuiya, ile sala ya majirani ya saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajaenda kazini, na zamu ilikuwa nyumbani kwa mjane mwenyewe. Tulikuwa watu tisa tumebanana kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe. Kiongozi alipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama. Fundo la skafu lilinishinda, ikabidi niivulie kichwani kama sweta. Nikawageuzia shingo kila mmoja, kushoto na kulia, waone vizuri.

"Sijapona," nikasema. "Sikuwahi kupona. Nilishuhudia kitu ambacho hakikutokea, kwa sababu niliogopa kuonekana nina mashaka. Na mashaka ninayo. Sijui kwa nini Mungu hajaniponya, na kuna siku sijui kama ananisikia. Lakini dada yangu, meza vidonge vyako. Nakuomba."

Mjane alinyanyuka akaingia chumbani, nikadhani amekwenda kulia au kutafuta kitu cha kunitupia. Alirudi na pakiti ya vidonge na kikombe cha maji. Akameza mbele yetu. Kisha akaketi, akanitazama machoni.

"Ningekufa, mwalimu," akasema, "nawe ungekuja kuniimbia mazikoni."

Nilistahili. Nikamwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti juu ya zulia lake, na hakunipa haraka. Alinipa baada ya wiki mbili, sokoni, akiwa anapima mchele, na mpaka leo nadhani alifanya vema kunisubirisha. Lakini asubuhi ile kilichofuata sikukitarajia. Mzee wa kanisa, mtu mkimya ambaye tangu nimfahamu alikuwa akifunga sala zetu kwa maneno yale yale, alikohoa.

"Mimi tangu mke wangu afariki," akasema, "nasali kama mtu anayepiga simu haipokelewi. Miaka minne. Lakini napiga."

Akafuata mwingine, halafu mwingine. Wale watu niliodhani imani zao zimenyooka, kila mmoja alikuwa na skafu yake. Tulichelewa makazini wote. Tulisali siku ile sala ambayo haikuwa na mpangilio wowote, ya kuuliza na kunung'unika na kushukuru kwa pamoja, na katikati yake nikatambua sauti: ndivyo mama yangu alivyokuwa anasali mbele ya moto. Nilifurahi mpaka nikaona haya. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nilikuwepo kwenye sala yangu mwenyewe. Tulipomaliza tukampeleka mjane kupimwa, na nesi alivyosoma kipimo hakumruhusu hata kurudi nyumbani kuchukua khanga.

Nilimwendea mchungaji kuacha ualimu wa kwaya. Alinisikiliza, akasema ningepaswa kuacha pale nilipokuwa sina swali hata moja, si sasa. Ila akanipa adhabu: Jumapili nisimame niuondoe ushuhuda wangu hadharani. Jambo hilo halikuwahi kutokea kwetu. Nilipomaliza, watu hawakujua wapige makofi au wasikitike. Bibi mmoja wa benchi la mbele alipiga kigelegele peke yake, kwa mazoea, akanyamaza njiani. Nilicheka pale madhabahuni, na kanisa likacheka nami.

Daktari alisema goita lazima itolewe, imeanza kubana njia ya hewa. Akanieleza bila kuficha kwamba mishipa ya sauti inapita jirani kabisa, na kwamba naweza kuamka bila sauti niliyoizoea. Usiku wa kuamkia upasuaji ningeweza kukiri ushindi kama nilivyofundishwa. Nilisema nilichokuwa nacho. "Sijui utafanya nini. Nikiamka bubu nitakukasirikia sana, na nitakuambia hivyo kwa maandishi. Lakini sina pengine pa kwenda." Nikalala vizuri, jambo ambalo sijalielewa bado.

Niliamka na kovu, na sauti ya kunong'ona. Wiki zikapita, mnong'ono ukawa mkwaruzo. Skafu sita niligawa kwa wanakwaya. Nilipokwenda Mwanjelwa, mwenye duka alilitazama kovu langu kwenye kile kioo chake, akasema, "Alhamdulillah, mwalimu, sasa nimepoteza mteja."

Pasaka ikakaribia. Kwaya ilitaka mtu mwingine aite, na walinipendekezea kwa adabu zote. Mjane ndiye aliyekataa. Alisema yeye anataka kumsikia mtu anayejua anachosema.

Tukapanda makaburini, matarumbeta mbele, ukungu umelala juu ya misalaba. Mzee wa kanisa alikwenda kusimama kwenye kaburi la mkewe. Mjane akaja kando yangu, anahema vizuri, vidonge vyake vikiwa kwenye mkoba. Aliitazama shingo yangu iliyo wazi katika baridi ile.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "siku zote zile. Leo ndiyo ungevaa skafu."

Nikaita. "Bwana amefufuka!" Ilitoka ya kukwaruza, nusu ya ile ya zamani, lakini ilifika, na watu wakajibu. Nilikuwa nalo swali hata pale, mbele ya makaburi yote yale yaliyofungwa. Sikulifukuza. Niliita nalo mara ya pili, nao wakajibu kwa nguvu zaidi, mpaka mbwa wa bondeni wakaanza kubweka.

Mara ya tatu nilifungua kinywa, pakatoka upepo. Nikajaribu tena, hakuna. Watu walisubiri. Miaka kumi na mmoja ya kiburi changu ilisimama pale uchi, na ajabu ni kwamba sikuona aibu.

Ndipo mjane wa presha, ambaye hajawahi kupewa hata mstari mmoja wa peke yake kwa sababu anaimba chini kidogo ya sauti inayotakiwa, akavuta pumzi na kuita badala yangu. "Bwana amefufuka!"

Nikagundua kwamba kwa miaka yote ile nilikuwa mwitaji tu. Sikuwahi kupata nafasi ya kujibu. Nikajibu pamoja na kilima kizima, kwa ule mnong'ono wangu, machozi yakinishuka mpaka kwenye kovu: amefufuka kweli kweli. Nilikuwa namaanisha kila neno.