Nani Aliyelipua Ngome Yetu?

Kaka zangu wawili waliacha kuzungumza kwa sababu ya kifaru.

Si kifaru wa porini. Kifaru cha vita, cha njano, kidogo kama punje ya hindi, ndani ya televisheni.

Najua utasema natunga. Mchumba wangu nilipomsimulia mara ya kwanza alinigusa paji la uso aone kama nina homa.

Waliokulia kwenye gemu za zamani watanielewa. Zile za kaseti iliyoandikwa kwamba ina michezo elfu tisa, ukihesabu mwenyewe unakuta sita, mingine yote ni ile ile imebadilishwa rangi. Ikigoma kuwaka unachomoa kaseti, unaipuliza kama unapoza chai, unairudisha. Nani alitufundisha kupuliza? Hakuna. Tulijikuta tu tunapuliza.

Kaka mkubwa tunamwita Cheche, kwa sababu siku hizi ni fundi wa kuchomelea. Anayemfuata ni daktari wa meno, tunamwita Meno. Mimi ndiye kitinda mimba, na kazi yangu enzi hizo ilikuwa kukaa katikati yao na kuambiwa nisiguse kitu.

Mchezo wao ulikuwa wa vifaru. Mnacheza wawili, upande mmoja, mnalinda ngome yenu dhidi ya maadui. Ngome imezungushiwa matofali, na mchezaji mzembe anaweza kuilipua kwa risasi yake mwenyewe.

Likizo moja wakafika hatua ya mwisho. Mtaa mzima hakukuwa na mtoto aliyewahi kuiona.

Hapo hapo mama akawatuma, mmoja dukani, mwingine bombani. Na mashine zile hazikuwa na kumbukumbu, ukizima unaanza moja. Basi wakasimamisha mchezo bila kuzima, wakaifunika televisheni kwa shuka, wakawekeana ahadi kwamba hakuna kugusa peke yako.

Waliporudi wakafunua shuka. Gemu ova. Ngome imelipuliwa.

"Umecheza peke yako," Meno akasema.

"Mimi? Wewe ndiye umecheza."

Kelele zikamfikia baba. Cheche akaapa, mkono kifuani, kwamba hajagusa kitu. Meno hakuapa, alisimama tu. Baba akaamua kuwa aliyeapa ndiye mkweli, Meno akabaki na jina la mwongo, na mashine akapewa jirani.

Tangu siku hiyo, we acha tu. Walinuniana wakiwa watoto, wakanuniana wakiwa na wake zao. Hata msiba wa baba walikaa pande mbili za uwanja kama timu mbili. Ukiwauliza, wanakwambia ni mambo ya watu wazima.

Watu wazima gani. Ni kifaru.

Sasa mimi naolewa. Baba hayupo, na nilitaka kitu kimoja tu duniani: kaka zangu wote wawili wanishike mikono, mmoja kulia, mmoja kushoto, waniingize ukumbini.

"Akija yeye, mimi siji," akasema Cheche.

Meno alijitahidi kuwa mpole. "Mdogo wangu, nakupenda sana. Lakini akija yeye, mimi siji."

Nikaenda kulia jikoni kwa mama. Nililia kweli, kamasi na kila kitu. Mama akaendelea kumenya viazi mpaka nikanyamaza, ndipo akauliza, "Mashine kama ile bado zinauzwa?"

Mchumba wangu akaipata kwa wauza mitumba. Mama akasema ikae kwanza nyumbani kwa mchumba, na jioni jioni akawa anapita huko "kumsalimia mkwe". Mimi nikafurahi kwamba mama amempenda mume wangu mtarajiwa.

Baada ya siku kadhaa akaniambia, "Waite kaka zako. Sababu utaijua wewe."

Nikampigia Meno nikamwambia mama amevimba shavu. Nikampigia Cheche nikamwambia bawaba ya mlango imekatika.

Wakakutana mlangoni. Mmoja amevaa glavu tayari, mwingine ana miwani ya kuchomelea kichwani. Mama akafungua mlango usio na kasoro yoyote na kuwatabasamia kwa shavu lisilo na uvimbe wowote.

Wote wawili wakanigeukia mimi. Nikaangalia dari.

"Mimi naondoka," akasema Cheche.

"Kaa chini," akasema mama.

Akakaa. Meno naye akakaa bila kuambiwa. Baba wawili wa watoto, kwenye zulia, wamekunja miguu, mimi katikati yao kama zamani.

Mama akaleta mashine, akaiunganisha na televisheni. Haikuwaka. Kaka zangu wakanyoosha mikono kwenye kaseti kwa pamoja, vidole vikagusana, wakairudisha kama waliochomwa na sufuria. Mwisho Cheche akaichomoa, akapuliza upande mmoja, kisha akampa Meno apulize upande wa pili.

Ikawaka.

"Sasa nisikilizeni," akasema mama. "Siku ile ni mimi."

Kaka zangu wakamgeukia.

"Niliingia kufagia, nikafunua shuka nione kilichomo. Nikabonyeza kitu. Kifaru kikageuka, kikapiga ngome. Nikafunika. Baba yenu alivyokuwa amewaka, nikaogopa kusema, na nilivyochelewa ndivyo nilivyozidi kuona aibu."

"Mama, wewe hata redio unawashiwa," akasema Cheche.

"Nipe hicho kitu."

Akashika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili, ulimi nje. Kifaru chake kikawapa maadui mgongo, kikaelekea nyumbani. Risasi ya kwanza, tofali. Ya pili, tofali. Kila akipiga anainua pedi juu kama anapepeta mchele. Ya tatu, ngome ikalipuka.

Gemu ova.

"Mmeona?" akasema mama. "Ndivyo nilivyofanya."

Meno alicheka mpaka akaanguka chali, glavu moja huku, nyingine kule. Cheche hakucheka. Alikodolea kioo macho, kisha akalaza kichwa kwenye goti la mama, fundi mzima yule, mabega yanatetemeka.

Meno alipomaliza kucheka akampa mkono. "Kaka," akasema.

Neno hilo sikuwa nimelisikia mdomoni mwake tangu niko shule ya msingi. Nilifurahi mpaka nikasahau kuomba msamaha kwa ile bawaba.

Tulipoenda jikoni kupakua chakula, mama akaninong'oneza.

"Nimecheza vibaya vizuri?"

"Vipi tena, mama?"

"Mumeo amenifundisha jioni zote zile. Usione hivi, kujilipua ni kazi. Mara mbili nilikosea nikashinda."

Nikabaki na mwiko hewani. "Kwa hiyo siku ile hukuwa wewe?"

"Mimi nilikuwa nafua."

"Sasa ni nani?"

"Sijui, na sitaki kujua. Pakua chakula, watoto wangu wana njaa."

Nikaibeba siri hiyo mpaka siku ya harusi, najiona mjanja kweli. Mimi na mama ndio tunaojua, wale wawili wameingia mkenge. Nilikuwa nikiwaona wanacheka pamoja nawahurumia.

Siku ikafika. Tumesimama nje ya mlango wa ukumbi, Cheche kulia, Meno kushoto, muziki umeanza. Nikahisi mkono wa Cheche unatoka jasho.

Akainama, akaongea juu ya shela yangu kama sipo.

"Ni mimi," akamwambia Meno. "Siku ile. Mama anadanganya. Nilirudi mbio kutoka dukani, nikacheza, nikaharibu. Halafu nikaapa."

"Najua," akasema Meno.

"Unajua?"

"Nilikuwa dirishani na ndoo yangu. Nilikuona."

Mlango ukaanza kufunguliwa. Hakuna aliyepiga hatua.

"Mbona hukumwambia baba?"

"Baba angekuua. Nikasema nisubiri useme mwenyewe. Nikasubiri, nikasubiri, mpaka nikasahau kuacha."

"Na juzi kwa mama ulicheka nini sasa?"

"Nisicheke? Mama wa watu anahangaika kujilipua kwa ajili yako."

Cheche akanibana mkono mpaka bangili ikaniuma. "Nisamehe, mdogo wangu," akamwambia Meno.

"Nilishasamehe kwenye zulia. Tembea, bwana harusi atadhani tumebadili mawazo."

Tukaingia. Nililia kuanzia mlangoni mpaka mbele, na shangazi yangu mmoja hadi leo anasema nililia kwa sababu siitaki ndoa. Mwacheni aseme.

Siku hizi wanacheza kila wakikutana. Cheche akienda chooni, Meno anakalia pedi zote mbili.

Mama bado anadhani kwamba wanawe waliamini. Wanawe wamekubaliana kwamba hakuna atakayemwambia ukweli. Na mimi niliyejiona mjanja ndiye pekee aliyedanganywa kweli kweli kwenye lile zulia.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiona familia nzima imeukubali uongo mmoja haraka namna ile, usilete kiherehere cha kusahihisha. Huenda kila mmoja anaujua ukweli, na amechoka kuishi mbali na mwenzake.