Mzabibu Uliovaa Sweta

Faridah alizaliwa Hombolo, Dodoma, katikati ya mashamba ya zabibu, na jambo hilo alilitaja mara moja zaidi ya ilivyohitajika. Mama Nura, mwenye nyumba ambamo Faridah alifanya kazi za ndani ng'ambo, huko Al Wakrah, aliletewa na kaka yake mche wa mzabibu, kimo cha goti, akaupanda nyuma ya jiko. Akamuuliza Faridah kama anaujua. Faridah akacheka, akasema yeye na zabibu wamenyonya ziwa moja.

Basi Mama Nura, aliyekuwa anakwenda Kuwait kukaa siku arobaini na binti yake aliyejifungua, akamwachia mche pamoja na ahadi: akirudi akaukuta mzima, likizo ya Faridah itakuwa mwezi wa tatu badala ya mwisho wa mwaka. Faridah nusura aukumbatie mche. Mwanawe Tunu alikuwa na miaka mitatu. Aliyemwita mama ni bibi yake. Mama yake mzazi, ambaye alimwona kwenye kioo cha simu tu, Tunu alimwita Simu.

Wiki ya pili baridi ikaingia. Majani yakawa ya njano, yakadondoka moja moja, kikabaki kijiti. Hombolo majani ya mzabibu huondolewa na mtu mwenye mkasi. Faridah hakuwahi kuona mzabibu ukijivua nguo wenyewe. Akajua umekata roho, au u njiani.

Akamwita Njenga, dereva wa nyumba, mtu wa Nyeri asiyekosa jibu. Njenga akakizunguka kijiti mara mbili, mikono nyuma kama daktari.

"Dadangu, hiyo ni baridi tu. Kwetu hata ndama tunamfunika gunia."

Gunia halikuwapo. Kulikuwa na sweta jekundu alilomnunulia Tunu. Mzabibu ukavishwa, mikono ikafungwa fundo kifuani. Maji ya kumwagilia yakapashwa moto, yakapimwa kwa kiwiko kama ya kumwogesha mtoto mchanga. Njenga akapendekeza tangawizi. Ikatiwa tangawizi. Kila asubuhi Faridah alikisalimu kijiti, kijiti kisiitikie.

Siku ya thelathini na tisa Mama Nura akapiga simu kusema kwamba kesho anarudi. Hapo Faridah akakumbuka kabati la jikoni: chupa ya majani ya mzabibu yaliyolowekwa kwenye maji ya chumvi, yale ya kufungia wali. Akayasuuza, akatafuta sindano na uzi wa kijani. Alishona majani ishirini na moja kwenye kijiti, Njenga akishika shina na kukosoa.

"Hilo umelishona kichwa chini. Mti unaonekana mlevi."

Mama Nura alipofika hakuvua hata abaya. Moja kwa moja nyuma ya jiko. Akatazama sweta. Akainama, akanusa, akachuma jani moja, likatoka na uzi wake. Akalionja.

"Faridah, jani hili lina chumvi."

"Ndiyo, Mama."

"Na limeshonwa."

"Ndiyo, Mama."

Faridah akaeleza yote, tangawizi pia, machozi yakimlengalenga kwa ajili ya mwezi wa tatu. Mama Nura akakwaruza shina kwa ukucha. Chini ya gome palikuwa kijani kibichi. Akasema mzabibu ukipatwa na baridi hulala tu, huamka joto likirudi, na kwamba huu umenusurika na wauguzi wake, si na baridi.

"Nilisema nikiukuta mzima," akaongeza. "Ni mzima. Utakwenda. Ila kwanza fumua."

Akafumua. Mchana majani yakafungiwa wali. Njenga akala kumi, akilalamika kwamba uzi unamwingia menoni.

Jioni Faridah akapiga nyumbani, sweta mkononi, likinuka tangawizi. Akamwambia Tunu hili ni lako, nakuja nalo mwezi wa tatu.

Mtoto akafikiri sana. Kisha akamgeukia bibi yake.

"Mama, Simu inakuja. Nani ataibeba?"