Sufuria Lenye Jina

Mabeseni mawili mekundu yalikaa juu ya kabati la jikoni mwezi mzima bila kuguswa, karatasi za dukani bado zimebandikwa chini. Bi Hamdiya alikuwa anaoga kwa ndoo yake ya zamani yenye ufa, na nguo anafulia humo humo, moja moja. Mwanawe Abdulrazak alipokuja kumjulia hali akamcheka, akamuuliza mabeseni hayo anamwekea nani. Akajibu kwamba anawawekea wageni. Haikuwa kweli. Alikuwa hawezi kuyatia mkono.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili, Magomeni, chini kabisa ya ghorofa kwa ajili ya magoti yake. Wako waliosema watoto wamemhamisha mama yao kwa nguvu wapate kiwanja. Wanamsingizia Abdulrazak bure. Nyumba ya Mtaa wa Mchikichi, pale Kariakoo, ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Mzee Hamood, mumewe, aliuza kamba na mikeka barazani mpaka siku aliyougua. Tangu afariki bati lilivuja, wapangaji wakaondoka mmoja mmoja, na kila asubuhi ua ulimsubiri na ufagio. Warithi walipoitana kuzungumza habari ya kumpa mjenzi kiwanja, Bi Hamdiya ndiye aliyetangulia kusema sawa. Alitaka mahali ambapo akikaa kitandani anaona mlango, jiko na choo bila kunyanyuka. Alikuwa amechoka na ukubwa.

Ila ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikuwa chake wala cha warithi.

Katika chumba cha uani, karibu na bomba, alikaa kwa miaka kumi na tisa mpangaji mmoja mtu wa Kilwa, Bi Sabaha, mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, watu walimfuata yeye kwa pilau. Walianza kama mwenye nyumba na mpangaji, wakaishia kubandua ukoko pamoja kwenye sufuria moja. Sabaha akawa anamwita Bi Hamdiya dada, na Shadya, binti pekee wa Sabaha, akamwita mama mkubwa. Sabaha alipoambiwa hospitali kwamba maradhi yake hayatampa muda, alikwenda mtaa wa Gerezani kwa mafundi wa kuyeyusha vyuma, na Bi Hamdiya kamshika mkono, akaagiza sufuria la kupikia kilo thelathini za mchele. Ubavuni akalipigisha jina kwa msumari, nukta nukta: WAKFU BI SABAHA.

Chombo cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, hapewi mtu. Kinaazimwa tu, na kila sahani inayopakuliwa humo, fungu lake la thawabu linamfuata aliyekiweka, huko aliko. Sabaha aliweka kiganja juu ya zile nukta, akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha nguvu, "Dada, hili si lako, si langu, si la Shadya. Mwenye shughuli aje achukue, akimaliza arudishe. Wewe kazi yako kumfungulia mlango."

Kwa miaka minane Bi Hamdiya alifungua mlango. Walikuja asubuhi kabla hajapiga mswaki, walikuja yuko kwenye sala, walikuja siku alizokuwa na homa. Wengine walilirudisha safi. Wengine walilitua barazani na masizi yake na ukoko umegandia, wakaenda zao.

Siku ya kuhama likapotea. Ndivyo alivyomweleza Abdulrazak, na ndivyo alivyojieleza mwenyewe: mizigo mingi, watu wanaingia na kutoka, mnunuzi wa vyuma chakavu kapita na guta lake la magurudumu matatu, kakusanya vya stoo kwa kubadilishana na mabeseni mawili, na sufuria likaondoka humo humo katika vurugu. Mtu anasahau. Kusahau si dhambi.

Maneno hayo yalimtosha mpaka Jumanne, Shadya alipobisha hodi Magomeni na mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Pita, pita. Mlete huyo nimuone."

Mtoto alikuwa wa miezi saba, wa kike, na jina lake lilikuwa la bibi yake. Akika yake ilichelewa kwa sababu baba alikuwa Mtwara kwenye msimu wa korosho. Sasa karudi, na mbuzi atachinjwa Jumapili. Shadya alikaa ukingoni mwa kitanda, maana viti havikutosha, akazungusha macho chumbani, akasema ni pazuri, pamekusanyika. Kisha akasema alilolijia. Alitaka pilau ya akika ipikwe kwenye sufuria la mama. "Naye apate fungu lake kwa mjukuu wake," alisema, huku anamfuta mtoto udenda. "Sikuliona hapa, nikajua tu hukuja kulibana humu."

Bi Hamdiya alimtazama mtoto, akasema limeazimwa Buguruni.

"Watarudisha mpaka Jumapili?"

"Watarudisha."

Shadya akamshukuru. Alimshukuru kweli, akambusu mkono, akasema angekuwa mtu mwingine angeshaliacha lipotee katika kuhama.

Kesho yake asubuhi Bi Hamdiya alijifunga ushungi akaenda Kariakoo. Mtaani kwake palikuwa pamezungushiwa mabati mapya, na juu ya mabati hakukuonekana paa tena. Hakusimama. Alikuwa anasikiliza. Yule wa vyuma chakavu alikuwa na spika kwenye guta lake, sauti iliyorekodiwa ikiita betri mbovu, feni mbovu, majiko mabovu, siku nzima bila kupumua. Aliifuata sauti mpaka upande wa Msimbazi, akamkuta mwenyewe, Uwesu, mtu mzima mwenye mvi za ndevu, kakaa juu ya friji lililokufa anavunja waya.

"Bi mkubwa wa mabeseni," akasema Uwesu. "Umekuja kuongezwa la tatu?"

Alipomwambia anatafuta sufuria moja kubwa, Uwesu hakuhitaji kufikiri.

"Lile lenye jina? Si nilikuuliza mimi. Nikakwambia, mama, hili lina jina la mtu, tusije tukasumbuana. Ukaniambia mwenye jina keshakufa, chukua."

Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kuvunja waya wake. Akamweleza kwamba alilipeleka Gerezani kwa fundi Ignasi, akauliza kama mabeseni yana tatizo.

Bi Hamdiya hakukumbuka alivyoaga. Kwa mawazo alikuwa amerudi kwenye ua wake, mwezi uliopita, saa nne za asubuhi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya zile nukta, palepale alipoweka Sabaha chake, na kilichomjia hakikuwa huzuni. Ulikuwa wepesi. Alijisikia kama mtu aliyetuliwa kuni kichwani: Magomeni hakuna atakayejua, hakuna atakayenigongea. Ndipo akasema yale maneno. Akasema na mkono ukiwa bado juu ya jina.

Fundi Ignasi, mtu wa Songea, alikuwa anamimina pale alipomkuta, akamwomba asisogee. Madini yaliyoyeyuka yaliingia kwenye mchanga kimyakimya kama maziwa. Alipomaliza akajifuta jasho, akasikiliza, akakubali. Lilifika. Alilikata kwa shoka siku hiyo hiyo, kwa sababu zima halienei kwenye tanuri.

"Liko wapi sasa?" Bi Hamdiya akauliza.

Ignasi akamwonyesha ukutani. Sufuria ndogondogo zilikuwa zimepangwa, za kupikia watu wawili, watatu. "Hizo hapo, mama. Lakini nilichanganya na vyuma vingine. Na nyingi zimeshapanda basi kwenda Tunduru." Kisha alipoona uso wake, akaongeza kwa upole, "Si lilikuwa la sadaka? Basi sasa linapika nyumba nyingi."

Yalikuwa maneno mazuri. Bi Hamdiya aliona kabisa jinsi yatakavyokaa kinywani kwake mbele ya Shadya, na jinsi Shadya atakavyolia kidogo halafu afarijike. Kwa kuwa yalikuwa mazuri hivyo, yakamtia aibu. Akayaacha. Lakini alipogeuka kuondoka aliona nyuma ya mlango sufuria kuukuu, kubwa, limekaa na masizi yake, halijaguswa shoka.

Pesa ya mapazia ya chumba kipya ndiyo iliyolinunua. Akamwomba Ignasi alipige jina kwa msumari. Ignasi alichora kwanza kwa chaki, akauliza kama herufi ziko sawa, akaanza, tok, tok, tok. Sauti ilikuwa ile ile. Alipofika kwenye SA akasimama kutafuta msumari mwingine, na Bi Hamdiya akaomba moyoni usipatikane. Ulipatikana. Mwisho wa kazi Ignasi, akidhani anamsaidia, akachota masizi kidogo kwa kidole akapaka juu ya nukta zisionekane mpya.

Alhamisi guta lilipeleka sufuria kwa Shadya, chumba cha kupanga karibu na Mto Msimbazi, na Bi Hamdiya akaenda nalo kwa kuwa hakuona namna ya kutokwenda. Njia nzima alijiandaa: Shadya alilijua lile tangu msichana, ataona tu. Shadya hakuona. Alilipokea uani kama anayepokea mgeni aliyetoka mbali, akaita wenzake walione sufuria la mama yake, akapitisha vidole juu ya jina, taratibu, nukta baada ya nukta. Kisha akamfungua mtoto mgongoni, akamkalisha ndani, na kijiko cha mbao mkononi. Mtoto akagonga ukuta wa sufuria, akasikia linavyolia, akacheka.

"Kaa kwa bibi yako," Shadya akamwambia. "Kaa uzoee."

Bi Hamdiya alistahimili kicheko cha kwanza. Cha pili kikamshinda. Alisubiri wale wanawake warudi kwenye shughuli zao, akasema, "Mwanangu, mtoe mtoto humo."

"Si safi, mama mkubwa? Nitalisugua."

"Hilo si la mama yako. La mama yako limekatwa kwa shoka Gerezani. Hili nimelinunua jana, nikaliandikisha."

Shadya alimtoa mtoto. Akampangusa makalio kwa ncha ya khanga ingawa hayakuwa na kitu. Aliendelea kupangusa, halafu akasema polepole, "Ulisahau. Mambo ya kuhama yanachanganya."

Ulikuwa mlango umefunguliwa kwa huruma, na Bi Hamdiya aliuona ulivyo wazi.

"Sikusahau. Nililishika jina kwa mkono wangu. Yule mtu aliniuliza, nikamwambia mwenyewe keshakufa. Nilichoka kugongewa mlango, Shadya. Nikapewa mabeseni mawili."

Mtoto alinyoosha mikono kulitaka sufuria. Shadya akamzuia.

"Ulipokuwa unaliandikisha hili," akauliza, bila kumtazama, "ulitia nia gani?"

"Ya kukudanganya."

Shadya akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia njia akaelekezwa. "Basi katie nyingine," akasema. "Jumapili tutapikia hilo hilo, jina la mama siwezi kulifuta. Likitoka hapa linarudi kwako."

"Kwangu vyumba viwili."

"Najua. Nilikuja nikaona."

Jumapili Bi Hamdiya alifika mapema, akakaa na wanaochagua mchele. Kila kopo lililoingia kwenye sufuria alitia nia: hili la Sabaha, na hili la Sabaha. Kama ilipokelewa hakujua. Aliitia huku akikumbuka kidole cha Ignasi kikipaka masizi, na nia ikachafuka, akaanza tena. Shadya alimhudumia vizuri, akampakulia nyama ya ubavu mbele za watu. Ila alipomkabidhi sahani alimwita Bi Hamdiya. Tangu ajue kusema hakuwahi kumwita hivyo.

Jumatatu guta likaja Magomeni. Sufuria liliingia mlangoni kwa ubavu, na mahali pekee palipolichukua palikuwa kati ya kitanda na kabati. Meza ya chai ikatolewa, akapewa jirani. Sasa akikaa kitandani hakuona tena mlango, wala jiko. Aliona jina. Angeweza kuligeuza jina lielekee ukutani. Alilishika kulizungusha, akaliacha.

Kisha akashusha beseni moja jekundu, akabandua karatasi ya dukani kwa kucha, akalijaza maji na sabuni, akapiga magoti kwa shida akaanza kusugua masizi. Aliyaanza yale ya kwenye nukta. Maji yalipokuwa meusi aliyamwaga, akajaza tena.

Siku kadhaa zikapita. Shadya hakuja, na Bi Hamdiya hakutuma mtu kumuuliza. Asubuhi moja, kabla hajapiga mswaki, mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja wa ghorofa ya juu, wanaitana kwa salamu tu. Alianza kwa kuomba radhi. Wana hitima ya baba mkwe Ijumaa, na ameona dirishani kama kuna sufuria kubwa humu, hajui kama lina mwenyewe.

"Lina mwenyewe," Bi Hamdiya akasema. "Jina lake liko hapo ubavuni. Mkimaliza kula, mumuombee."

Mama yule akaita vijana wawili wa kulitoa. Lilipopita mlangoni chumba kikabaki kikubwa, cheupe, na Bi Hamdiya akaona mlango, jiko na choo, vyote kwa mara moja, kama alivyotaka tangu mwanzo. Hakukaa. Alitoka akawafuata mpaka kwenye ngazi, ameshika ukuta kwa ajili ya magoti.

"Mama," akamwita yule jirani. "Mkirudisha, gonga. Hata kama nimelala, wewe gonga."